Sabuni ya Kufulia Mfarishi wa Marehemu

Jumanne saa nane mchana, wake na wajane wa wafanyakazi wa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu waliitwa kantini kuchagua sabuni. Walikuja thelathini na mmoja. Meza mbili zilikuwa zimeunganishwa na kutandikwa magazeti, na juu yake yakawekwa mabeseni matatu ya maji ya uvuguvugu: la kwanza la sabuni ya mche iliyokwanguliwa, la pili la sabuni ya maji yenye rangi ya waridi, la tatu la sabuni ya unga kutoka pakiti mpya, ile iliyoandikwa ubavuni kwamba inafaa kwa mifarishi, mablanketi na nguo za kila siku. Mbele ya kila beseni kulikuwa na kitambaa cheupe kilichopakwa vumbi la tanuri, ili akina mama wajaribu wenyewe kwa mikono yao. Glavu hakuna aliyezifikiria.

Mama Povu alikaa safu ya mbele. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na majirani, kwa sababu kwa miaka kumi na minne ovaroli ya mumewe ndiyo iliyokuwa nyeupe kuliko zote zilizopita getini asubuhi ya Jumatatu. Mumewe alikuwa mtu wa tanuri. Alikuwa amezikwa miezi saba iliyopita. Jumanne ile alikuwa pale pale mapajani mwa mkewe, ndani ya mfarishi uliokunjwa mara nne na kufungwa kamba, akikohoa kidogo kidogo kama mtu asiyetaka kukatiza kikao.

Ili jambo hili lieleweke inabidi kurudi nyuma, maana kiwanda kile kina tabia ya kuanza habari zake katikati.

Zamani kiwandani kulikuwa na chumba cha kufulia. Kilikuwa na mashine mbili, mabomba matano ya kuogea, na bwana mmoja kiziwi wa sikio la kushoto aliyepokea nguo chafu kupitia kidirisha. Mtu aliingia kazini na nguo zake, akavaa za kazi, akatoka ameoga, na vumbi likabaki lilikozaliwa. Ijumaa moja chumba kilifungwa kwa matengenezo. Matengenezo yenyewe yalikuwa kuziondoa mashine, kuziba mabomba na kuchora mistari miwili ya rangi ya manjano sakafuni, ambapo tangu siku hiyo hulala gari la mkurugenzi. Badala ya chumba, kila mfanyakazi alipewa pakiti moja ya sabuni ya unga kila mwisho wa mwezi, pamoja na barua ya pongezi. Watu walishangilia. Mama Povu naye alishangilia, hilo halifichiki. Alipiga vigelegele viwili akiwa jikoni, pakiti ikiwa mkononi, akasema kumbe na sisi tunakumbukwa.

Basi vumbi likaanza kuja nyumbani. Lilikuja kwenye kola, kwenye mapindo ya suruali, kwenye nywele za masikio. Likafuliwa katika beseni lile lile lililoogeshea watoto. Ovaroli zilikuwa za rangi ya maziwa, na aliyeichagua rangi hiyo alijua anachokifanya, kwa sababu wageni wa kiwanda walipokuja waliwakuta wafanyakazi wakimetameta kama manesi. Wake wakaingia mashindanoni. Jumatatu walisimama getini wakijifanya wana mazungumzo yao, kumbe macho yako kwenye kola za waume wa wenzao. Aliyepitisha mume mwenye kola ya kijivu alisemwa wiki nzima.

Mwaka wa kumi na tatu mtu wa tanuri alianza kuumwa tumbo. Kisha ufizi wake ukaingia mstari wa buluu, kisha kiganja cha kulia kikawa kinaning'inia kama nguo kwenye kibanio. Aliendelea kwenda kazini, akishika koleo kwa mkono wa kushoto. Mwaka wa kumi na nne alifariki. Cheti kiliandikwa: tumbo.

Kiwanda kilituma wachunguzi wawili, watu wapole, wakanywa maji waliyopewa na kurudisha vikombe kwa mikono miwili. Waliomba ovaroli ya mwisho ya marehemu. Walisema wanaitaka kama alivyoivua, waje kuichukua kesho yake saa nne. Mama Povu aliwasikia vizuri kabisa. Lakini walipoondoka aliitazama ile ovaroli msumarini, kola nyeusi, mikono imekakamaa kwa vumbi hata inasimama yenyewe, akaona haya. Mumewe hakuwahi kwenda ofisini mchafu hata siku moja alipokuwa hai. Aanze sasa, hana wa kumtetea? Akailoweka. Akaifikicha, akaisuuza mara tatu, akaitia bluu ya kung'arishia weupe, akaianika, akaipiga pasi hadi mkunjo wa suruali ukasimama, akawakabidhi ikiwa kwenye mfuko wa karatasi. Wachunguzi walitazamana, wakaupokea, wakatoa risiti.

Maabara haikuona kitu. Taarifa iliyorudi ilikuwa na sentensi moja: Vazi la mhusika limekutwa safi.

Sentensi hiyo Mama Povu aliisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Haikuwa na uongo ndani yake, na hapo ndipo ilipomkaba. Kazi ya mikono yake, ile aliyoionea fahari maisha yake yote, ndiyo iliyomfunga mumewe mdomo.

Marehemu alirudi mwezi wa tatu baada ya mazishi, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, mfarishi ulipokuwa umeanikwa. Mfarishi huo Mama Povu aliushona mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa, shuka mbili nzito na pamba katikati. Haukuwahi kufuliwa. Mfarishi ukilowa unakuwa mzito kama ng'ombe, na pamba yake hujivingirisha kwenye kona moja. Kwa hiyo aliuanika tu juani na kuupiga kwa fimbo. Jasho la miaka yote ya tanuri lilikuwa humo. Siku hiyo alipoupiga fimbo ya tatu, mumewe alisema, "Polepole, mama. Hapo ni mbavu."

Mama Povu aliomba radhi, akahamia upande mwingine.

Tangu siku hiyo walikaa wote kama zamani. Jioni mfarishi ukitandikwa, umbo lake lilijitokeza kitandani, magoti yamekunjwa kidogo, na alipoulizwa hali alisema si haba. Mjukuu wao wa miaka minne, aliyeachwa pale na mama yake aliyekwenda kufanya kazi za ndani mbali, alipanda kitandani na kulala ubavuni mwa babu kama alivyozoea. Mara nyingine alimletea maji ya kunywa, na asubuhi mfarishi ukakutwa umelowa.

Kifo kilikuwa kimemnyoosha kumbukumbu. Alijua tarehe ambayo feni ya kuvuta moshi ilikufa, aliyeripoti, aliyetia saini, na aliyesema isubiri. Alijua siku walipogawiwa vitambaa vya kufungia pua vilivyokatwa kutoka pazia la kantini. Alilotaka ni dogo: paandikwe mahali kwamba lililomuua ni tanuri. Mama Povu alilitaka hilo kuliko yeye. Alitaka karatasi yenye sentensi nyingine, aiweke juu ya ile ya kwanza.

Kisha mtoto akaanza kushika tumbo. Maneno aliyokuwa ameshayajua yakaanza kumpotea, moja baada ya jingine. Alikuwa anasema kikombe, akawa anakionyesha kwa kidole. Nesi wa kliniki alimtoa damu, na baada ya siku tatu akamwita bibi.

"Bibi, mtoto ana madini ya risasi mwilini. Nyumbani kuna vumbi. Lifuate mpaka ulipate, ulitoe."

"Ni babu yake," alisema Mama Povu.

Nesi aliandika kwenye kadi: chanzo, babu. Akasema atampima tena baada ya wiki mbili, na vipimo vikipanda hapo hakuna dawa ya kliniki itakayorudisha maneno.

Mama Povu alijaribu kuukwepa uamuzi, kama mtu yeyote angejaribu. Aliutia mfarishi kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, akaufunga na kuusukuma uvunguni. Mzee aliita kwa adabu mchana kutwa kwamba hewa imekwisha, mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni, na alasiri mtoto akafungua mfuko akaingia humo humo kumpa babu kampani. Kumhamisha mtoto nako hakukuwa na pa kumhamishia. Mtaa mzima ni wa watu wa kiwanda.

Ndipo alipojaribu sabuni kwenye kona za mfarishi, moja moja, huku mumewe akitoa taarifa. Sabuni ya mche ilimtekenya tu, na vumbi halikutikisika. Sabuni ya maji ilimfanya asahau jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Kisha Mama Povu akakoroga kijiko kimoja cha sabuni ya unga, akafikicha kona ya chini. Kona ikawa nyeupe kama ilivyotoka dukani, na mguu wa kushoto wa mzee ukatoweka hadi kifundoni. Hakuumia. Alisema tu kwamba panapita ubaridi.

Kwa hiyo suala la sabuni lilikuwa limekwisha. Lililobaki ni kupata ile sentensi kabla ya kufua. Mwaliko wa kantini ulipofika, Mama Povu alikunja mfarishi mara nne, akaufunga kamba.

Kikao kiliongozwa na afisa utumishi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Utaratibu, kwa kuwa kila aliyemfuata na shida aliambiwa kuna utaratibu. Alieleza kwamba kiwanda kinajali, na kwamba kwa mara ya kwanza akina mama wenyewe watachagua sabuni ya mwaka mzima. Alieleza tofauti ya povu jingi na povu la maana. Kisha akasema kwa heshima ya utaalamu wake, Mama Povu afungue uwanja.

Mama Povu alisimama. "Kabla ya sabuni, mume wangu ana neno."

Akafungua kamba. Mfarishi ulikunjuka juu ya meza, ukaketi katikati ya mabeseni, mabega yakajichora. Bwana Utaratibu alimsalimia mzee, akamwuliza habari za siku nyingi, mzee akasema ni hivyo hivyo. Halafu akazungumza kwa dakika arobaini. Alianza na feni, akaja kwenye vitambaa vya pazia, akataja tarehe, akataja zamu, akataja msimamizi aliyetapika kwenye ndoo na kurudi kazini. Hakupandisha sauti. Bwana Utaratibu aliandika yote kwa mwandiko mzuri, akaomba arudie tarehe mbili alizozikosa. Alipomaliza aliweka kofia ya kalamu.

"Nashukuru, mzee. Tatizo ni moja tu. Mkataba wako ulikoma siku uliyofariki. Mfanyakazi akisema, yanakuwa malalamiko. Mtu wa nje akisema, yanakuwa maoni. Haya nitayatia kwenye sanduku la maoni."

Sanduku lilikuwa mlangoni, la bati, na kufuli lake lilikuwa limepotelewa na ufunguo miaka sita iliyopita.

"Ningeyasema lini?" mzee aliuliza.

"Ulipokuwa hai."

"Nilikuwa nakohoa."

Bwana Utaratibu aliitikia kwa kichwa, kwa sababu alikumbuka. Mama Povu alisogea mpaka tumbo lake likagusa meza. Alisema haombi fidia, wala haombi jeneza lingine. Anaomba sentensi moja, kwamba lililomuua ni tanuri. Akiipata ataenda nayo nyumbani na kumfua kwa moyo mmoja.

"Mama, sentensi tunayo tayari," alisema Bwana Utaratibu, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. "Vazi la mhusika limekutwa safi. Ulilileta mwenyewe. Na nikuambie, hatujawahi kuona ovaroli iliyofuliwa vile."

Mama Povu alikaa chini. Alitazama mikono yake, akaificha chini ya meza.

Aliyesimama baada yake ni mwanamke wa safu ya nyuma, mke wa mpasua betri. Alisema hakutaka kuingilia, ila wa kwake yumo ndani ya mto tangu mwaka juzi. Mwingine akasema wa kwake amekaa kwenye pazia, na upepo ukivuma anaomba nauli. Mwingine akasema wa kwake yumo kwenye kiti cha sebuleni na ameanza kumkosoa mapishi, tabia ambayo alipokuwa hai hakuwa nayo. Wanawake walicheka, na mzee alicheka ndani ya mfarishi, vumbi kidogo likaruka. Walipohesabiwa wakawa tisa. Kila mmoja alikuwa amenyamaza akidhani ni la nyumbani kwake peke yake.

Bwana Utaratibu aliandika tisa, akaizungushia duara. Alisema takwimu hiyo inaonyesha wazi kwamba sabuni kali inahitajika. Kisha akaomba mikono inyanyuliwe.

Kwa sabuni ya mche hakunyanyuka mtu. Kwa sabuni ya maji hakunyanyuka mtu. Mke wa mpasua betri aliuliza kama chumba cha kufulia nacho kinaweza kupigiwa kura, akajibiwa kuna utaratibu. Kwa sabuni ya unga ikanyanyuka mikono thelathini, kila mmoja akiwa na mtoto wake kichwani. Mama Povu alikuwa wa mwisho. Aliwaza kikombe kinachoonyeshwa kwa kidole, akatoa mkono chini ya meza, akaunyanyua.

Alimfua Alhamisi asubuhi, jua lilipokuwa limeshika. Beseni halikutosha, akatumia karai kubwa la kuchanganyia saruji aliloazima kwa jirani, akamimina nusu pakiti ya ile sabuni, akakoroga kwa mwiko wa mti. Mtoto alikuwa amepelekwa kliniki na mke wa mpasua betri. Mzee aliomba aanzie chini.

"Kichwa kiache mwisho. Bado nina maneno."

Mama Povu alivua viatu akakanyaga, maana mfarishi haufuliwi kwa mikono. Maji yakawa ya kijivu, yakawa meusi, yakawa mazito kama uji. Miguu ya mzee ikaenda, kisha magoti, kisha lile tumbo lililoandikwa kwenye cheti. Muda wote huo alikuwa anazungumza: jina la aliyesema feni isubiri, siku ya mwezi, saa. Mama Povu aliyarudia kwa sauti kila alipokanyaga ili yamkae, lakini yalikuwa mengi, na mengine yalitoka na povu kabla hajayashika. Maji yalipofika kifuani kikohozi kilikoma. Wote wawili waliusikiliza ule ukimya kidogo. Walikuwa hawajausikia kwa muda mrefu.

"Nisamehe ile ovaroli," Mama Povu alisema.

Mzee alifikiri.

"Ilikuwa nyeupe kweli," alisema. "Niliiona."

Kama huo ulikuwa msamaha au hapana, Mama Povu hakujua, na hajajua mpaka leo. Akakanyaga sehemu iliyobaki, akasuuza mara tatu. Maji aliyamwaga mtaroni, kwa sababu ndiko maji ya nyumba zote yanakomwagwa, na mtaro unapita mbele ya milango yote hadi kwenye kiwanja wanachochezea watoto. Mfarishi ulipokauka ulikuwa mwepesi hata aliuanua kwa mkono mmoja.

Vipimo vya mtoto vilishuka kidogo. Nesi alisema kidogo si haba. Mwezi wa pili mtoto alisema tena kikombe, akauliza babu yuko wapi, akaambiwa amefuliwa. Aliukagua mfarishi pande zote mbili, akaridhika, akalala.

Kiwandani sabuni mpya iligawiwa kwa hotuba. Tanuri lilipata kijana mwingine, ndugu wa mtu anayeishi karibu na geti, mwenye mke mchanga na mtoto wa mgongoni. Feni ilikuwa bado inasubiri. Siku moja yule mke mchanga alibisha hodi kwa Mama Povu, pakiti ikiwa mkononi, akasema, "Shikamoo, mama. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua kuzitakatisha ovaroli."

Mama Povu aliitikia, akamkaribisha, akampa kigoda. Alimwambia habari yote, kuanzia kidirisha cha yule bwana kiziwi hadi maji ya mtaroni, na hakujionea huruma palipomhusu. Kisha akamshika kiganja.

"Moja usiifue, mwanangu. Ile chafu kuliko zote. Itie kwenye mfuko, andika tarehe, iweke mbali na mtoto. Wakija kuitaka, wape vile vile inavyonuka."

Mke mchanga aliitikia kila neno, ndiyo mama, nimesikia mama. Alikuwa msichana aliyelelewa vizuri. Alipokuwa anaaga aliuliza, kwa sauti ya chini, kama bluu hutiwa kwenye maji ya pili au ya tatu.

Jumatatu asubuhi Mama Povu alisimama mlangoni na kikombe cha chai. Wafanyakazi walipita kwenda zamu. Kijana wa tanuri alipita nao, akakohoa mara moja akiwa ameziba mdomo kwa mkono, akamwamkia. Getini, wanawake waliokuwa na mazungumzo yao waligeuka kumtazama. Kola yake ilikuwa nyeupe kuliko zote.